Mguu wa Kushoto

Mwalimu wa udereva tunayemsema hapa alikuwa hajaendesha gari miaka mingi, na hakuna aliyelijua hilo, hata yeye mwenyewe. Angelijuaje? Asubuhi yuko barabarani, jioni yuko barabarani, mkanda kifuani, macho mbele, mdomo haufungi. Lakini usukani ulikuwa mikononi mwa wanafunzi. Gari lilikuwa mali ya shule na lililala shuleni. Mwanafunzi wa kwanza alilitoa uani, wa mwisho akalirudisha, na mwalimu akaenda kwake kwa miguu. Miaka thelathini na mitatu alikaa kiti cha abiria, na mtu akikaa hapo muda wote huo akiwafokea wengine, huishia kuamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha.

Wanafunzi walimwita Mzee Vioo, kwa sababu ya lile neno lake. "Kioo! Umetazama kioo? Unakata kona kama unaingia chumbani kwako?" Miguuni pake fundi alikuwa amemchomelea pedeli moja ya breki, kwenye kona ya kushoto kabisa, maana upande wa kulia ulibanwa na sanduku la gia. Alikuwa akiikanyaga kwa mguu wa kushoto. Mguu huo uliokoa mbuzi, baiskeli, ukuta wa posta na watu wasio na idadi. Alikuwa akiupiga paja mbele ya wageni na kusema, "Huu una macho."

Alikuwa mkali, tena hakuna cha ndugu wala jirani. Asiyeiva haendi mtihani. Binti mmoja aliyekuja akiwa na miaka ishirini alimrudisha mara tatu, na mara ya tatu binti alilia hadi kamasi. Mara ya nne alipita bila kosa hata moja. Akaajiriwa ofisi ya leseni, akapanda, akawa mtahini. Kila wakikutana alimpisha njia na kumwamkia kwa kuinama kidogo, na mwalimu aliitikia kama anayepokea haki yake.

Ndipo likatoka tangazo kwamba kila dereva aliyetimiza miaka sitini na mitano arudie mtihani wa barabarani. Mwalimu alikuwa na sitini na minane.

Uani kwa shule kulikuwa na benchi ambalo madereva wastaafu walilifanya baraza lao. Mkuu wao alikuwa dereva wa malori wa zamani, mtu wa kitambi na sauti, waliyemwita Tairi, na ndiye mwenyekiti wa chama cha madereva wazee. Siku hiyo benchi liliwaka moto.

"Wanaogonga watu ni vijana wenye simu sikioni," alisema mwalimu. "Halafu anayeitwa kupimwa ni mimi. Mimi niliyewafundisha hao wanaopima."

"Utu uzima dawa," alidakia Tairi. "Sasa dawa inapelekwa kwa mgonjwa ikapimwe."

Walicheka, lakini kwa uchungu. Tusiwanyime haki yao, hoja walikuwa nayo. Kuna wazee wanaoendesha vizuri kuliko watoto wao, na kuna udhalili katika kuitwa kwa mwaka wako wa kuzaliwa kana kwamba umezaliwa kwa makosa. Lakini mkewe mwalimu, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alimwuliza swali ambalo benchini hakuna aliyelifikiria.

"Kama unajua kuendesha, mume wangu, unaogopa nini?"

"Siogopi. Naudhika."

"Basi nenda ukaudhikie hukohuko, urudi na leseni yako."

Alikwenda. Mtahini aliyepangiwa alikuwa yule binti, sasa mama wa watoto wawili, kizibao cha kazi mwilini na ubao wa kuandikia mkononi. Alimwamkia, akamfungulia mlango wa dereva, kisha akazunguka akaketi upande wa abiria, ambako gari la ofisi nalo lilikuwa na breki ya mtahini.

Mwanzo ulikuwa mwema. Vioo alivitazama, mkanda aliufunga, gia zilikuwa ngumu kidogo lakini zikaingia. Jambo moja tu lilimshangaza, kwamba mikono yake ilikuwa inatoka jasho. Wakapita posta, wakapita soko, wakaanza kushuka mteremko wa hospitali. Chini pale pana kivuko, na mama mmoja alikuwa ameshaingia kwenye mistari na trei la mayai mikononi.

Mwalimu alimwona. Hilo liandikwe, macho yake hayakuwa na kosa. Alimwona mapema kuliko ambavyo kijana yeyote angemwona, na mguu wenye macho ukafanya kazi yake ya miaka thelathini na mitatu. Mguu wa kushoto ukakanyaga kwa nguvu zote, hadi sakafuni.

Ila kwenye kiti cha dereva, kushoto kuna klachi. Gari likaachia injini, likawa jepesi, likashuka kama toroli. Mwalimu akazidi kukanyaga. "Punguza!" alisema kwa sauti, "punguza, punguza!" na hakuna aliyekuwa akiendesha wa kumsikia. Aliyekanyaga breki ni binti. Gari lilisimama mama yule akiwa karibu kiasi cha kuweza kuligusa boneti kwa goti. Hakudondosha yai hata moja. Alimtazama mwalimu, akasonya, akaenda zake.

Waliegesha pembeni. Wote wawili waliijua kanuni, maana iliandikwa kwenye tangazo lilelile: mtahini akilazimika kukanyaga breki yake kumwokoa mtu, basi kwa dereva wa umri ule leseni inafutwa moja kwa moja, na cheti cha kufundisha kinakwenda nayo.

"Mwalimu," binti alisema akitazama ubao wake, "sitaandika kwamba nilikanyaga mimi. Nitaandika hukupunguza mwendo mapema. Hilo ni kosa dogo. Utarudia baada ya mwezi. Tafuta gari, fanya mazoezi, hata uwanjani. Ni mazoea ya mguu tu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Asante haikutoka.

Angefanya mazoezi mwezi ule, hadithi ingeishia hapo na tungekuwa tunacheka. Lakini jioni ile mkewe aliuliza.

"Umepita?"

"Kanifelisha yule binti."

"Kwa lipi?"

Akamwonyesha karatasi. Mkewe aliisoma chini ya taa ya cherehani, akaigeuza, nyuma hakuna kitu. "Kwa hili tu?"

"Unajua nilimrudisha mara tatu," alisema mwalimu.

Ni hayo tu. Hakusema zaidi, na baadaye alijitetea moyoni kwa hilo, kwamba hakusema uongo, kwani si kweli alimrudisha mara tatu? Kesho yake benchini aliyarudia maneno yaleyale, na Tairi akayamalizia. Kisasi! Kikulacho ki nguoni mwako. Umelea mtoto, kakutia kidole jichoni. Maneno yakaota miguu, yakatiwa chumvi kila kituo, hadi kufikia Ijumaa ilikuwa inasemwa kwamba binti aliapa siku ile alipolia kuwa atamtoa mzee yule barabarani. Karatasi ya kosa dogo ilipita mkono kwa mkono kama ushahidi. Hebu tazameni, dereva wa miaka yote hii, eti hakupunguza mwendo mapema!

Mara mbili mwalimu alifungua mdomo aseme kweli, na mara zote mbili alimwona yule mama wa mayai, akaufunga.

Chama kikaandika barua ya malalamiko dhidi ya mtahini na Tairi akamletea nyumbani atie sahihi. Alisaini kwenye meza ya cherehani, mkewe akisogeza kitambaa kumpisha. Hapo ndipo mimi ninapomkasirikia. Kushikwa na mazoea ya mguu ni ubinadamu. Kusaini ni kazi ya mkono, na mkono ulikuwa na wiki nzima ya kufikiri.

Waliitwa siku ya Jumanne, ofisini kwa mkuu wa leseni. Feni ilikuwa inazunguka bila kuleta upepo. Tairi alikaa karibu na mwalimu, binti alikaa peke yake upande wa pili, kizibao chake kimekunjwa mapajani.

Mkuu aliisoma fomu. "Kosa ni hili tu?"

"Ndilo nililoandika," alijibu binti.

"Sijauliza ulichoandika. Kuna lingine lililotokea?"

Hapa ndipo wema ulipomfunga kamba. Akisema kweli, atakuwa amekiri kwamba aliandika fomu ya uongo, na unga wake umemwagika siku hiyohiyo. Akinyamaza, ni mtu wa kisasi. Akamtazama mwalimu wake, usoni kabisa, bila hasira.

"Mwulize mwalimu," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani."

Mkuu akamgeukia. "Mzee wangu, kuna jambo lingine lililotokea njiani?"

Alikuwa na nafasi yote. Hakuna aliyemharakisha. Aliufikiria ua wa shule bila yeye, benchi litakalomwonea huruma, mkewe akisoma karatasi nyingine chini ya taa. Na bila kutaka aliufikiria mguu wake.

"Hakuna," alisema.

Ikamalizika upesi baada ya hapo. Binti alivuliwa utahini, akapelekwa kupanga mafaili kwenye tawi la mbali, safari ndefu ya basi kila asubuhi na jioni. Mwalimu aliombwa radhi na leseni yake ikagongwa muhuri palepale mezani, bila mtihani mwingine, kwa heshima ya utumishi wake wa muda mrefu. Asante ya punda ni mateke, na mkuu wa ofisi aliyagongea muhuri bila kujua.

Kwenye ukumbi wa nje binti alimsubiri. Tairi alidhani anataka ugomvi, akajitanguliza kwa kitambi, lakini mwalimu alimwashiria atangulie nje.

"Shikamoo, mwalimu."

Akaitafuta marahaba, asiipate.

"Sina la kukuambia ila moja," binti alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba usiendeshe. Fundisha, kaa kwenye kiti chako kile, hapo huna mpinzani. Lakini usiendeshe, mwalimu. Yule mama ana jirani zake, na kila mmoja anavuka pale."

"Mwanangu," alianza.

"Basi, yameisha," alisema binti, akatoka na kizibao chake mkononi kwenda kituo cha basi, ng'ambo ya barabara.

Nje gari la shule lilikuwa limekuja kumchukua. Wanafunzi wanne, mwenye shule mwenyewe, na wazee wa benchini waliojazana kwenye gari la pili nyuma yake. Walipiga honi, wakapiga makofi. Tairi alimnyang'anya mwanafunzi ufunguo na kufungua mlango wa dereva kwa mbwembwe zote.

"Leo hatukubali. Leo unatuendesha wewe, Mzee Vioo. Watuone."

Mwalimu aliutazama usukani. Akazitazama pedeli tatu zilizopangana pale chini.

"Goti linaniuma," alisema.

Wakamwambia pole, wakacheka, ng'ombe hazeeki maini, wazee nao kwa maringo. Mwanafunzi akarudi kwenye usukani. Ng'ambo ya barabara basi lilikuwa bado halijafika. Binti alisimama pale, akamtazama mwalimu akilizunguka gari polepole na kuingia upande wa abiria, kisha akageuza uso.