Matope ya Kufuli

Kufuli, beki wa kati, alipendwa mjini kwa sababu ya matope. Kila mechi alitoka uwanjani kama mtu aliyechimba kisima, na mashabiki wakaapa kwamba hapo hapiti hata mbu. Na kweli, timu ilikuwa haijafungwa tangu mvua zianze. Dada yake, aliyeajiriwa na klabu hiyohiyo kuchambua video za mechi, alikuwa ameapa pamoja nao. Angefanyaje? Ndiye aliyembeba mgongoni utotoni.

Wiki ya fainali, Kocha akachungulia chumbani kwa dada huyo.

"Mchambuzi, ukuta wetu ni mzuri kweli au tunabahatisha? Nikitoka mazoezini nataka jibu. Jibu la kazi, si la undugu."

Dada akafunga pazia, akazima sauti, akapunguza mwendo wa picha za mechi ukutani. Safari hii alijikataza kutazama mpira. Si kazi ndogo: jicho huung'ang'ania mpira kama mtoto na pipi. Lakini lilipochoka kubisha, chumba kikajaa rangi ya kijani, na wachezaji wakaanza kuelea kama samaki ndani ya chupa. Feni ilikuwa inapumua juu yake. Hakuwa na hakika kama yu macho.

Ndani ya kijani kile akamwona Kufuli akiondoka mahali pake mapema, taratibu, kama mtu aliyesikia akiitwa na sauti tamu kutoka mbali. Nyuma yake pakabaki uwazi mpana. Adui akaingia humo akielea. Kufuli akashtuka, akarudi mbio, akateleza kwa madaha, matope yakaruka polepole kama ndege. Jukwaani midomo elfu ikafunguka bila sauti. Na yule beki mwenzake, waliyembandika jina la Mtalii kwa kuwa hutembeatembea na jezi safi, alikuwa ameshafika kuziba. Asipofika Mtalii, kipa aliruka. Mechi hii hivyo, na ile hivyo.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Anazima moto aliouwasha mwenyewe."

"Nani huyo?" Kufuli alikuwa mlangoni, viatu mkononi, kichwa kimelowa.

"Kaa, mdogo wangu. Usitazame mpira. Jitazame wewe."

Akakaa. Kwanza akacheka. "Dada, mbona natembea kama bwana harusi?" Kisha kicheko kikamfia. "Na Mtalii anafanya nini pale?"

"Anasimama pako."

Ndipo Kocha aliporudi, filimbi shingoni. Alipomwona Kufuli akasita, akamgeukia dada mtu. "Haya?"

Dada alijua akisema "mzuri" tu, mambo yatakwisha, na nyumbani watacheka.

"Kipa mzuri. Mtalii mzuri sana. Ukuta bado. Kufuli aanzie benchi."

Kocha akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

"Dada, si ungenitafuna kidogokidogo basi!" Kufuli alisema, akijaribu mzaha, lakini sauti ilimpasuka katikati. "Fainali, dada. Mama ameshanunua kofia ya klabu."

"Najua. Mimi ndiye niliyempeleka dukani."

Kufuli akainuka na viatu vyake, akafika mlangoni, akasimama hapo kitambo akiitazama ile picha ya kijani ikielea ukutani. Kisha akavuta kiti, akakiweka karibu kabisa na bega la dada yake.

"Rudisha nyuma," alisema. "Pale ninapoanza kuondoka."