Vikapu vya shangazi wa Muyinga na subject tatu za email, enzi za vita

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Naona vijana mnabishana kuhusu subject za email za biashara, kila mmoja anadai yake ndiyo inafungua pochi za watu. Ngoja niwape yangu. Sitatia chumvi, maana ilishakolea yenyewe.

Mimi ni Mrundi wa Magarama, pale Gitega. Nimekulia Kigoma, ndo maana Kiswahili changu kinajitahidi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili vita ilikuwa bado haijaisha, nami nilikuwa nashona nguo na mzee wangu.

Dada yake mzee, shangazi Hadija, alikuwa Muyinga. Mjane. Nyumba yake kilimani iliungua, akahamia mjini na wanawake wenzake, wakawa wanasuka vikapu vyenye mfuniko uliochongoka juu. Kazi safi kabisa. Ila nani ananunua pambo wakati watu wanalala porini?

Akaja Gitega akatuambia wazi kwamba vikapu visipopata mnunuzi, anavuka mpaka pale Kobero kwenda kambi ya wakimbizi Tanzania. Mzee wangu akaiacha cherehani. Kwenye ndugu zake alikuwa amebaki na huyo tu.

Pale Gitega kulikuwa na cyber, intaneti yake ya kusuasua. Nikatafuta anwani za maduka ya Ulaya yanayouza kazi za mikono. Nikawa naandika kwa Kifaransa, shangazi kakaa pembeni. Nikamuuliza, hapa juu kabisa tuweke nini?

"Salamu. Mi siwezi kuandikia mutu bila kumusalimia. Hatukulelewa vile."

Basi subject ikawa "Salamu nyingi kwako na familia yako, Mungu awape amani". Tukatuma kila mahali. Kimya. Shangazi akarudi zake Muyinga.

Jamaa wa cyber akanishauri nitumie vita, eti Wazungu wana huruma. Nikaandika "Wajane wa vita wanahitaji msaada wako".

Hapo nilijibiwa chapchap. Mama mmoja akasema anatuombea, na anauliza watoto wetu wana umri gani atutumie nguo. Kikapu hakukigusia kabisa. Simlaumu hata leo, alikuwa na moyo mzuri, na alijibu kile alichoombwa.

Habari ikamfikia shangazi kupitia kwa Papa Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa anapeleka vitenge Muyinga kila barabara ikifunguka. Akaniletea jibu:

"Shangazi yako anasema, nani alikutuma kuomba? Yeye iko anauza. Na mwezi ukiandama, anaenda."

Iliniuma sana, wakuu. Mimi nilidhani namsaidia.

Nikarudi cyber, safari hii nikajitumia ile email ya kwanza mwenyewe, nione inavyofika. Nikaikuta imebanwa katikati ya zile barua za matapeli, za mtoto wa jenerali mwenye mamilioni, anayetafuta mtu mwaminifu. Na zenyewe zinaanza na salamu na Mungu. Hata mimi ningeifuta.

Nikawaza. Kwetu mtu akifika uani na mzigo kichwani, hamuanzi kumuuliza habari za wazazi. Mnamtua kwanza, mnaona kaleta nini, halafu salamu hata saa nzima. Kumbe email ya biashara ndiye huyo mgeni. Sisi tulikuwa tunamfanya asalimie kwanza, mzigo ungali kichwani.

Subject mpya: "Vikapu vya mfuniko vilivyosukwa kwa mkono, Muyinga, sampuli ipo". Salamu za shangazi nikaziweka ndani, zote, sikupunguza hata moja.

Zikapita siku, duka moja la Brussels likajibu kwa ufupi. Wanaomba sampuli, na je, mfuniko unaweza kuwa mweusi?

Papa Furaha akaondoka na ujumbe. Alimkuta shangazi kituoni, mkeka umeshafungwa, sufuria mkononi, anangoja gari la Kobero.

"Mama Hadija, kuna mutu wa Bruxelles anauliza kama mfuniko inaweza kuwa nyeusi."

Shangazi akaweka sufuria chini.

"Nyeusi ya namna gani?"

Hakuvuka. Papa Furaha anasema palepale kituoni akaanza kumweleza tope gani linatoa weusi usiochuja, gari likaja, likaondoka, wala hakuligeukia. Mzee wangu aliposimuliwa alilia mbele yetu, na hakujificha.

Kwa hiyo vijana, jitumieni kwanza email zenu muone zinavyofika. Juu taja ulicholeta. Na ukimwandikia mtu kwa niaba ya mwingine, usiuze machozi yake, kwa sababu utapewa pole na yeye alitaka kazi.

Wekeni subject zenu hapa, nzuri na zilizobuma, tuzichambue. Na kama kuna aliyewahi kuchoka kuonewa huruma, akatamani tu mtu amuulize kuhusu kazi yake, huyo namsubiri zaidi.