Aliyemwandikia Mama Siku ya Ijumaa

Mama yangu aliacha kusikia mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alitoka hospitali akiwa mzima wa mwili na wa akili, ila masikio yameziba kabisa. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hapa Bariadi kwa miaka mingi, kwa hiyo kusoma na kuandika hakukumpa taabu. Simu ndiyo iliyomshinda. Viungo vya vidole vyake vimevimba, na maandishi ya simu anayaona kama siafu wanaotembea. Nilipopangiwa kazi ya ugani Nkoma, kuzungukia wakulima wa pamba, nilikaa wiki nzima nikijiuliza nitamwachaje peke yake.

Nilichopata ni kompyuta yangu ya mezani, ile niliyosomea chuoni. Niliiweka sebuleni karibu na kiti chake, na fundi mmoja wa mjini akaniwekea programu ya kuniwezesha kuingia ndani yake kutoka kwenye laptopu yangu, popote nilipo. Kila siku mchana, nikirudi kutoka mashambani, niliingia. Nilifungua ukurasa mtupu, nikaandika kwa herufi kubwa kama kidole gumba: MWADILA MAYU. Ndiyo salamu yetu ya mchana ya Kisukuma. Mama alisogeza kiti, akanijibu kwa kidole kimoja, herufi moja moja, nami nikawa nasubiri huku namwona kwenye kamera iliyokuwa juu ya kioo. Nilimuuliza kama amekula, kama amemeza dawa ya presha. Wakati mwingine hakuandika kitu, aliniinulia bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nione kuwa anakula.

Jambo moja nililomkataza ni kugusa nyaya na swichi. Nilimwambia akizima kitu chochote, mimi siwezi tena kumfikia. Alinielewa kama mwalimu anavyoelewa kanuni, na hakugusa.

Ijumaa ile nilirudi chumbani kwangu mapema kwa sababu mvua ilitufukuza shambani. Nikafungua laptopu, nikaandika paswedi ya kompyuta ya nyumbani. Ikakataa. Nikafikiri vidole vina matope, nikavifuta kwenye sketi, nikaandika tena polepole. Ikakataa. Mara ya tatu programu ikanifungia kwa dakika tano.

Sikuogopa bado. Nilidhani ni mtandao, maana Nkoma mvua ikinyesha mtandao nao huloa. Nikawasha intaneti ya simu badala ya modemu, nikatoka nje na kusimama chini ya kibaraza cha ofisi ya kata ambako mawimbi hushika vizuri, laptopu nimeilaza juu ya mkono kama mtoto. Dakika tano zikaisha. Nikajaribu, ikakataa vilevile.

Nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye kazi yake ni kompyuta, yuko Mwanza. Aliniuliza maswali kwa utulivu, moja baada ya jingine. Alitaka kujua kama kando ya jina la kompyuta ya nyumbani kuna kidoti cha kijani. Nikamwambia kipo. Akasema basi umeme upo, ruta inafanya kazi, kompyuta imewaka, na tusipoteze muda na mtandao. Akauliza kama nimebadilisha paswedi. Sijabadilisha. Je, mama anaweza kuibadilisha? Nikacheka, nikamwambia mama hajui hata ilipo.

Hakucheka. Akaniambia nifungue akaunti yangu ya programu ile, yenye paswedi yake nyingine, nishuke hadi kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, nimsomee. Ukurasa ulichukua muda mrefu kufunguka. Ulipofunguka kulikuwa na mstari mmoja tu, na sikuufahamu. Ulisema kuna kifaa kimeunganishwa na kompyuta ya nyumbani wakati huo huo, tangu dakika arobaini zilizopita. Jina la kifaa lilikuwa herufi na namba zisizo na maana kwangu.

Nikamsomea. Aliniomba nimsomee tena, herufi moja moja.

"Kuna mtu yuko ndani ya kompyuta yenu," alisema. "Anaona kila anachokiona mama. Na kama kamera imewaka, anamwona mama mwenyewe."

Kitu cha kwanza nilichowaza hakikuwa mafaili wala picha. Niliwaza kwamba mama akiona maandishi kwenye kioo kile ataamini ni mimi. Tangu siku ya kwanza hakuna mwingine aliyewahi kumwandikia pale.

Rafiki yangu alinielekeza kitufe cha kumkata yule mtu. Nikakibonyeza, kikaniomba paswedi, ileile iliyobadilishwa. Akasema basi hakuna njia ya mbali, lazima mtu aende akazime umeme kwa mkono. Nikampigia jirani yetu, mzee mwenye duka la vitambaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Simu yake ilikuwa imezimwa, na hapo ndipo nilipokumbuka kuwa ni Ijumaa na yuko msikitini. Simu ya mwenyekiti wa mtaa iliita mpaka ikachoka. Kumpigia mama kusingesaidia kitu.

Nikachukua bodaboda. Dereva aliitazama njia, akaniambia udongo mweusi umeshalowa, tutateleza. Nikamwomba twende hivyohivyo. Kutoka Nkoma hadi nyumbani ni zaidi ya saa moja njia ikiwa kavu. Siku ile tulishuka mara tatu kusukuma pikipiki, matope yakiwa yamejaa kwenye matairi hadi hayazunguki. Kila tuliposimama nilitazama laptopu. Kidoti kilikuwa bado kijani, na mstari wa yule mtu bado upo. Dakika zake zilikuwa zinaongezeka. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku mama alipokuwa amelala hospitali hanitambui. Hospitali nilikuwa nimemshika mkono.

Tulikuwa tumesimama tena kwenye matope simu ilipoita. Alikuwa yule mzee, ametoka kuswali na kuona nimempigia mara tisa. Nilisahau hata kumwamkia. Nilimwambia kuna mtu mbaya anazungumza na mama kupitia kompyuta, aende akamzuie. Najua haikueleweka, lakini hakuuliza. Nilisikia kanzu yake ikipigapiga kwa mwendo, kisha nikamsikia akigonga mlango wetu.

"Mwanangu, amefunga kwa ndani," alisema. "Nimegonga sana. Nimemchungulia dirishani. Amekaa, amejikunja kwenye kiti, ananipa mgongo. Nivunje?"

Hasikii, niliwaza. Mlango ukivunjwa nyuma yake, moyo wake utasimama. Nikamwambia azunguke nyuma, pale ilipo mita ya umeme, kuna kiboksi chenye swichi kuu, aishushe. Nilisikia hatua zake, kikohozi, kisha bati la kiboksi likilalamika. Akasema ameshusha. Nikafungua laptopu magotini, kwenye mvua. Kidoti kilikuwa cha kijani kwa muda kidogo, kisha kikawa kijivu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa bado hajafungua mlango. Mzee yule alikuwa amesimama uani, amelowa kanzu nzima, amekataa kuondoka. Nilipitisha mkono kwenye nondo za dirisha nikampungia mama upande ambao angeniona. Alinitazama muda mrefu. Hakuja mlangoni mara moja. Alinitazama uso, mikono, miguu yenye matope, ndipo akasimama. Alipofungua alinishika mashavu kwa mikono miwili, akasema kwa sauti kubwa, maana sasa hajipimii tena sauti yake:

"Nilidhani umekufa. Nilidhani kuna kitu kimechukua mkono wako kinaniandikia."

Mama ni mtu wa kanisa na mtu wa shule, na maneno kama hayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake. Watoto wake wa darasani waliosema hivyo aliwakemea.

Alinieleza yote baadaye, baada ya chai, na mzee wa duka akiwa amekwenda kubadili nguo. Maandishi yalianza ghafla. MAMA UPO? Bila mwadila, bila mayu. Alishangaa kidogo, lakini alidhani nina haraka, akajibu yupo. Yakamuuliza yuko na nani. Akajibu yuko peke yake. Yakamuuliza, MTOTO ANARUDI LINI? Hapo vidole vyake vikasimama. Mtoto ni mimi, sasa mimi namuulizaje mimi narudi lini?

Akafanya alilolizoea miaka yote. Akampa mtihani. Aliandika kwa Kisukuma, akamtaka amtajie jina la ng'ombe wa bibi yangu aliyevunjika pembe kisimani. Nyumbani kwetu hata mtoto mdogo analijua. Jibu lilichelewa. Kisha likaja: ACHA UTANI MAMA.

Mama alivua khanga begani, akafunika kamera. Na kioo kikaandika: TOA HICHO KITAMBAA.

Ndipo alipojua kwa hakika kuwa anaonwa. Alikwenda kufunga mlango kwa komeo, akarudi kukaa, kwa sababu aliogopa kukiacha kitu kile nyuma ya mgongo wake na aliogopa pia kukizima. Nilikuwa nimemkataza. Alisema alihisi akizima atakuwa amekata kamba ya mwisho iliyomfungamanisha na mimi, kama bado niko hai mahali fulani. Akageuza kiti kando, akajikunja, akasali mpaka umeme ulipokatika. Giza la kioo likamtia hofu zaidi.

Jumatatu nilikwenda polisi, waliandika maelezo na kumwita yule fundi. Hakukana wala hakutoroka. Alisema wateja wake wote huwawekea paswedi ya aina moja ili asisahau, na vijana waliowahi kufanya kazi kwake, wengine sasa wako mikoani, wanaijua. Aliniomba radhi huku ameshika kofia. Sijui kama alisema kweli. Mtu mwenyewe hajapatikana hadi leo, na sijui alitaka nini, kutuibia au kumchezea tu mwanamke mzee.

Rafiki yangu alikuja kutoka Mwanza akaifuta kompyuta yote na kuisimika upya. Kabla ya kuifuta aliniita nje, mama akiwa jikoni. Alikuwa amekuta kumbukumbu za waliowahi kuingia. Yule mtu hakuanza Ijumaa. Alikuwa akiingia kwa wiki tatu, saa za asubuhi, wakati mimi niko mashambani, akikaa nusu saa, mara nyingine saa nzima, bila kuandika neno. Alikuwa anamtazama tu. Mama akichambua mchele, akisinzia, akibadili nguo mbele ya kiti kile kwa sababu sebule ndiyo yenye mwanga.

Nilimwomba asimwambie mtu, mama hasa. Nikaomba uhamisho, na baada ya miezi kadhaa nikapewa kituo hapa mjini. Mama huwaambia majirani kuwa nilihama kwa sababu ya ubovu wa njia ya Nkoma, na akisema hivyo huniangalia nithibitishe. Nami hutikisa kichwa kukubali.