Nilipoambiwa Niko Hatua ya Pili

Uvimbe niliugundua nikioga. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, mgumu, hauumi. Nilikuwa naishi peke yangu Majengo. Mume wangu alishafariki na Mungu hakutujalia watoto. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Hebu shika hapa." Nikawa nashika mwenyewe kila asubuhi, mpaka hofu ikanipeleka hospitali.

Walinichoma sindano nene, wakatoa kinyama kidogo cha kupima maabara. Majibu yaliporudi, daktari aliongea nami taratibu, lakini maneno yake mengi yalinipita: baiopsi, tezi za kwapani, vipokezi vya homoni. Nililoshika ni moja tu.

"Mama, uko hatua ya pili."

Nikatoka na furaha. Niliona hatua ya kwanza ni ile sindano, nimeshaivuka. Nikampigia dada yangu aliye Nakapanya.

"Shikamoo dada. Nimefika hatua ya pili."

"Marahaba. Alhamdulillahi! Kwa hiyo unakaribia kumaliza?"

"Inshallah."

Nikamsikia akiwatangazia wanawake aliokuwa anabangua nao korosho, nao wakapiga vigelegele.

Siku ya kupangiwa upasuaji, nilimuuliza muuguzi hatua ya tatu ni lini. Akaacha alichokuwa anafanya, akavuta kiti karibu yangu.

"Mama, hizo si hatua za matibabu. Ni za ugonjwa. Ya kwanza saratani ni ndogo. Ya nne imeshasambaa mwilini. Yako imekua kidogo, lakini haijaenda mbali. Hatutaki ufike ya tatu."

"Kumbe ni saratani?"

"Ndiyo, mama. Daktari hakukwambia?"

Alikuwa ameniambia. Neno lilipita masikioni, moyo haukulipokea.

"Una mtu wa kuja naye?"

"Nina dada, ila yuko mbali."

Jioni ile dada akapiga. "Sasa umefika ya ngapi?"

"Bado ile ile."

"Masikini. Wanakuchelewesha."

Akawa ananiuliza hivyo kila akipiga, akisikitika kwamba sisogei, nami upande wangu namshukuru Mungu kwamba sisogei. Sikuwa na wa kumweleza furaha ya namna hiyo.

Titi likakatwa. Wodini, ndugu za mgonjwa wa jirani ndio walionimiminia uji. Nyuzi zilipotolewa nikampigia dada, nikamweleza yote. 

"Lipi?" akauliza.

"La kushoto."

Akalia. Nikamsikiliza. Wiki ile akaja, akakaa nami wakati wa dripu za kwanza za dawa ya saratani, nywele zikidondoka juu ya mto. Kisha mashamba yakamwita, akarudi.

Sasa nywele zimeota, nyingi ni mvi. Namwomba daktari arudie kila neno nisilolielewa, naye hurudia. Juzi alisema, "Hakuna dalili." Nikauliza maana yake, ingawa niliijua. Nilitaka kuisikia tena kabla sijaenda nyumbani.