Mti Usio na Miba

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiisimulia viganja vyangu vinatoka jasho. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi na mume wangu, Musyoka, tulikuwa tumehama chumba cha kupanga pale Noonkopir na kujijengea nyumba ya mabati nje kidogo ya mji wa Kitengela. Siku hiyo watu wa kanisa walikuwa wamekuja kuiombea. Mbuzi alikuwa amechinjwa, vijana wanaimba, nami nimevaa kitambaa kipya kichwani na kujiona mwenye mji.

Kwanza nikueleze kosa lilikotoka. Wenzetu waliokuwa na pesa walinunua ploti za tambarare. Sisi tulipata mteremko wa mawe uliojaa vichaka, nami nikakodi vijana waje kufyeka. Katika vichaka vile mlikuwa na miti ya aina mbili iliyofanana kama ndugu wa tumbo moja. Yote ilikuwa na majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu tamu na matunda madogo ya zambarau. Tofauti niliyoiona mimi ilikuwa moja tu: mmoja ulikuwa na miba mikali, mwingine ulikuwa laini. Nilikulia Machakos mjini, mwanangu, na miti niliijua kama kuni za gunia. Basi nikaamuru wenye miba ung'olewe wote, watoto wangu wasichomwe. Ule laini nikauacha mteremkoni, na mmoja kando ya jiko, uwe kivuli na pambo la boma. Niliunywesha hata maji ya kuoshea vyombo, nikisema nina jicho la kuchagua.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Afadhali ningekuta kipande cha mti tu.

Sasa, siku ile ya maombi, kazi ya kuchoma nyama alipewa Kilonzo, mdogo wake mume wangu, kijana mcheshi ambaye hakuna sherehe iliyofanyika bila yeye. Wavu wa kuchomea ulikuwa mdogo na nyama ni nyingi. Kilonzo hakutaka watu wangoje. Akaangaza macho, akaona ule mti wangu una vitawi vilivyonyooka, akakata kadhaa, akavimenya maganda na kutunga maini. Mimi mwenyewe nilimpa kisu. Mchomaji, kama unavyojua, ana haki yake ya kuonja, na Kilonzo hakuwa mtu wa kusahau haki yake.

Mama mkwe wangu alifika wakati huo, ametoka ibadani huko kwao Ukambani pamoja na kina mama wenzake. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao, mtu wa heshima na maneno machache, aliyevaa kitambaa chake cheupe cha chama. Nilikimbia kumpokea mkoba. Hakunipa mkoba wala mkono. Alinipita, akasimama mbele ya ule mti, akapapasa jani. Kisha akavunja kijitawi na kutazama utomvu mweupe ukitoka.

Halafu mama yule mtaratibu akaenda motoni, akaviona vile vitawi, akapiga teke nyama yote ikamwagika mchangani.

"Msile! Hakuna mtu akule hiyo nyama!"

Nyimbo zilikatika. Damu ilinipanda kichwani, maana wageni wangu walikuwa wananitazama, na mambo ya mama mkwe na mkaza mwana unayajua. Nilijiambia huyu amekuja kunivunjia heshima mbele ya kanisa zima. Hata leo naona haya kwamba jambo la kwanza nililowaza lilikuwa heshima yangu.

"Nani amekula?" akauliza.

Kilonzo akamchekea mama yake. "Ni mimi tu nimeonja, mwaitu. Maini kidogo. Hata chumvi haijakolea."

Mama akajishika kichwa kwa mikono miwili. Pastor akasogea, akamuuliza kwa upole, "Mama, kwani kuna nini?"

"Ni sumu, pastor. Huu mti ni kivai. Ndio wa sumu ya mishale."

"Mama, umejuaje?"

Niliona anatazama wale kina mama wenzake wa vitambaa vyeupe, mmoja mmoja. Angeweza kusema amesikia tu kwa watu. Lakini akainua kichwa na kusema, "Baba yangu alikuwa anaipika. Mimi ndio nilikuwa namletea kuni na maji. Najua vile inaua, kwa sababu nimeona ikiua ng'ombe dume akiwa amesimama."

Musyoka alikuwa karibu nami, akamgeukia mama yake. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa babu yake alikuwa mfuga nyuki.

Hatukupata nafasi ya kushangaa zaidi, kwa sababu Kilonzo aliacha kucheka. Jasho lilimtiririka, akainama na kuanza kutapika kwa nguvu. Tulimpakia kwenye pikapu ya pastor. Mama alivua kitambaa chake cheupe, akafungia ndani yake tawi la ule mti, akapanda nyuma na mwanawe kichwa mapajani. Nilipogeuka kuwatafuta watoto wangu, nilimkuta Mwende, kifunguamimba wangu, amekaa kando ya jiko na kopo lake la kuchezea. Ndani ya kopo mlikuwa na majani ya mti ule aliyoyakatakata, anampikia mdoli mboga. Nilikaa chini mavumbini na nguo zangu za Jumapili. Nilimfungua kinywa, nikamnusa, nikamkagua ulimi, naye analia hajui kosa lake. Kwa rehema za Mungu hakuwa ameonja, nikamwachia mmoja wa kina mama wa kanisa na kupanda pikapu.

Hospitalini Nairobi, daktari alipopima moyo wa Kilonzo uso wake ulibadilika. Mapigo yalikuwa yamepungua sana. Akauliza amekula nini, na mama akafungua kitambaa na kumwonyesha tawi, akamweleza yote bila kuficha. Daktari alisema kama tungefika na hadithi ya nyama mbovu, wangemtibu tumbo huku moyo ukizimika. Tulilala kwenye mabenchi. Alfajiri tuliambiwa moyo umeanza kurudi katika mwendo wake, na mama, ambaye hakuwa ametoa chozi, akalia kwa sauti mpaka walinzi wakaja.

"Nilinyamaza ndio watoto wangu waitwe watu wa kanisa, si watu wa sumu," aliniambia baadaye. "Kidogo nizike mmoja kwa sababu ya kunyamaza."

Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo tunavyosema. Lakini mzee akifunga mdomo, neno linaharibika na yeye yupo pale pale.

Mshtuko wa pili ulinijia tuliporudi nyumbani. Jirani yetu Mmaasai, Yeyo Naserian, yaani mama kwa lugha yao, ambaye alipita na mbuzi wake kando ya ua wetu kila siku, alikuja kutupa pole. Nilimwambia kwa uchungu, "Yeyo, ulikuwa unauona huu mti. Mbona hukuniambia?"

Akanishangaa kwelikweli. "Olmorijoi? Si nyinyi Wakamba ndio wenyewe? Sisi tulisema hawa wameweka mti wa mishale yao karibu na jikoni, hiyo ni mambo yao. Hata watoto wangu niliwakataza kukuja hapa."

Miezi yote hiyo nilidhani watoto wake hawaji kucheza na wangu kwa maringo, kumbe waliniogopa mimi, niliyekuwa naogopa miba! Naye alipoona rundo la vichaka vyenye miba nilivyong'oa, akapiga makofi ya masikitiko. "Na hii ni olamuriaki! Matunda yake watoto wanakula, mizizi tunatia kwa supu ya mgonjwa. Umekata dawa, ukaacha sumu."

Musyoka alishika shoka, akataka kufyeka kivai chote mteremkoni na kukichoma. Mama alimzuia. Alisema kuni zake haziotwi wala hazipikiwi, na moshi wake si wa kuchezea. Ule wa jikoni tuliung'oa, tukachimba shimo refu mbali na nyumba na kufukia hadi jani la mwisho. Ile ya mteremkoni aliiacha, kwa kuwa nyuki walikuwa wanaitegemea na haikuwa imemfuata mtu. Kisha alinipa tawi la kivai mkono huu na la mukawa, ule ambao Yeyo anauita olamuriaki, mkono huu, akaniambia nifumbe macho na kupapasa. Akafanya hivyo na Musyoka, na Kilonzo alipotoka hospitali, na Mwende, na watoto wa Yeyo pia. Baadaye alitunawisha mikono kwa sabuni kama watoto wa chekechea, nasi watu wazima na ndevu zetu.

Lakini hayakuisha bila gharama. Kanisani wapo walioanza kumwita mtoto wa mchawi, na uchaguzi wa kina mama ulipofika wakampa kiti mtu mwingine. Mimi nililia, maana najua alivyokipenda. Yeye alikunja kile kitambaa cheupe, akakiweka sandukuni.

"Kiti kitapata mtu wa kukikalia," akasema. "Kilonzo ningemtoa wapi mwingine?"

Sasa mwanangu, nasikia na wewe umenunua kiploti chako na unatafuta vijana wa kufyeka. Ngoja kidogo. Usikate usichokijua, na usibakize usichokijua. Zunguka shamba lako na mtu aliyezaliwa hapo, umuulize kila mti jina lake na kazi yake, hata kama atakucheka. Kuuliza si ujinga. Jirani yako usidhani anajua kwa sababu ya kabila lake. Mwambie unachokiona, akuone mbea kama anataka. Kama nyumbani kwenu kuna ujuzi uliofichwa kwa aibu, keti na wazee wako uuombe wakiwa bado na pumzi, kisha uwape watoto wako mchana kweupe. Mimi nilipewa bure, mama mkwe wangu ndiye aliyelipa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ardhi inayokupenda na majirani wasiokunyamazia. Akuwekee wazee nyumbani mwako wanaosema, akutie wewe moyo wa kuwasikiliza, na kila atakayekula kwako aende kwake akiwa mzima.