Jina Moja Kwenye Bamba la Shaba

"Ukilifuta hilo jina, yeye atakaa wapi?" Swali hilo la mzee mmoja lilinikalisha chini mbele ya watu wote.

Klabu ya wazungu wenye mashamba ya chai karibu na Kapsoit ilikuwa inafungwa. Bamba lake la shaba, lenye majina ya waliokufa vitani, lilikuwa linahamia kanisani kwetu. Mimi, niliyetoka chuo kikuu nikitilia shaka hata kalenda, nikapewa kazi ya kuyachunguza majina yale. Nikayanakili na kuandika hotuba. Mzee aliyeling'arisha bamba kila Ijumaa sikumwuliza chochote, hata jina. Wote tulimwita Mzee wa Shaba.

Siku ya kulihamisha nikayasoma majina kwa sauti ya msiba. "Kipsang arap Sigei!"

"Niko!" akaitika Mzee wa Shaba, kitambaa mkononi.

Watu wakaangua kicheko, pasta akajificha nyuma ya kofia yake. "Wewe msichana wa yunivasiti," mama mmoja akapaza sauti, "mwambie marehemu wako chai inapoa!"

Kwa aibu nikatangaza kwamba kesho yake jina hilo lingefutwa. Ndipo mzee akaacha kucheka, akaniuliza swali lile. Nikakaa chini, na jina likabaki.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba aliyeitwa vitani alikuwa Kipsang, lakini aliyechukua kipande chake cha utambulisho akaenda, akafia huko kwa jina hilo, alikuwa mdogo wake.