Kina Abdi Watatu wa Tawi la Willmar

Niseme ukweli kwanza: kwa miaka kumi na moja nilikunywa chai ya tawi la Willmar, la chama chetu cha Wasomali wa Marekani, bila kuwa mwanachama. Shangazi Dahabo, katibu wetu, aliniita Mgeni, na jina likanikaa. Sisi Wasomali hatuoneani haya kwa majina ya utani. Aliyekatika sikio ni Nusu Sikio, mbele ya wakwe na mbele ya imamu.

Tulikutana kila Jumapili baada ya sala ya alasiri, chumba cha nyuma cha duka la Hodan, katikati ya mashuka na mazulia. Wengi tulifanya kazi kiwanda cha bata mzinga, vidole vimeganda, kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kukumbatia kikombe. Kisha Dahabo anafungua daftari lake la kijani, anaita majina, na kila mtu anajibu, "Nipo." Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka kumi na sita, kule Somalia, serikali ilipowatuma wanafunzi porini kuwafundisha wafugaji kusoma. Aliwafokea wanaume wenye ndevu kama watoto wa chekechea. Huku Minnesota akaendelea na sisi.

Siku hizo tulikuwa sabini na wawili! Viatu vilijaa mlangoni mpaka Hodan analalamika kuwa wateja wanadhani navyo vinauzwa. Tulifundishana maswali ya uraia, tulipanga harusi, tuligombana kuhusu mwenyekiti mpaka sambusa zikapoa. Kisha watu wakaanza kuhama, huyu Minneapolis, yule Columbus, eti wanakimbia baridi, kana kwamba Columbus kuna minazi.

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, makao makuu wakaandika barua. Tawi lenye wanachama chini ya kumi na tano linafungwa, waliobaki wanahamishiwa tawi la St. Cloud. Ninyi mko kumi na tatu.

Dahabo akapiga simu pale pale. "Kumi na tatu ya wapi? Daftari langu lina kumi na tano!"

Kumbe ni kompyuta. Tulikuwa na kina Abdi Hassan Ali watatu, wote wamezaliwa tarehe moja Januari 1958, maana kule kambi ya wakimbizi karani alimpa tarehe moja Januari kila asiyejua siku yake ya kuzaliwa. Kompyuta ikawafanya mtu mmoja.

"Iambie hiyo mashine yako," Dahabo akafoka, "mmoja ni Mrefu, mmoja ni Nusu Sikio, mmoja ni Shoto. Inawachanganyaje?"

Makao makuu wakasema watamtuma binti mmoja, Idil, aje atuhesabu kwa macho yake.

Hapo wote tuliinamisha vichwa. Shoto alikuwa mume wa Dahabo, na tulikuwa tumemzika Ramadhani iliyopita. Tangu hapo, kila Jumapili, Dahabo akifika kwenye jina lake aliliita, kisha akajibu mwenyewe, "Yuko njiani," na kuendelea na jina linalofuata. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkatiza.

Mrefu alituita pembeni. "Huyo binti hajatuona hata siku moja. Nusu Sikio aingie, ahesabiwe, atokee mlango wa nyuma, arudi na kilemba kama Shoto."

"Na sikio?" nikauliza. "Litakuwa limeota huko nje?"

"Kilemba kitalifunika! Halafu wewe Mgeni, nyamaza. Unamaliza chai yetu na jina hutaki kuandika. Ungejiandikisha tusingehangaika hivi."

Nikainamia kikombe changu. Mwaka tisini na moja, kwetu Barawa, watu wenye bunduki walikuja na karatasi, wakasimama mlangoni wakaita majina. Kaka yangu aliitika. Hatukumwona tena akiwa hai. Tangu siku ile naogopa orodha, na sioni haya kusema hivyo.

Jumapili ikafika. Idil, binti mpole mwenye miwani, akaanza kuita.

"Abdi Hassan Ali."

Mrefu akasimama. Akaitwa wa pili, Nusu Sikio akasimama.

"Na wa tatu?"

Nusu Sikio akaanza kujongea kuelekea mlango wa nyuma, kilemba kimetuna kwapani.

"Keti, Abdi," Dahabo akasema. Akamgeukia Idil. "Wa tatu ni mume wangu. Amefariki. Nimekuwa nikisema yuko njiani, na nilijua ni uongo. Lakini nikimfuta humu, mwanangu, nani ataliita jina lake tena?"

Idil akavua miwani. "Pole sana, shangazi. Ila mmebaki kumi na nne. Sina la kufanya."

Hodan akaanza kulia. Dahabo akachukua kalamu, na mkono ule ulioandika majina yetu miaka ishirini na miwili ukashuka juu ya mstari wa Shoto. Akaukata.

Niliuona tena mlango wetu wa Barawa. "Niandike," nikasema.

"Nikuandike nani? Mgeni?"

"Nuur Haji Omar."

Kalamu ikasimama. Dahabo alijua habari za kaka yangu. Akauliza taratibu, "Umezaliwa lini?"

"Tarehe moja Januari."

Chumba kizima kikaangua kicheko, Idil naye akaziba mdomo, na Dahabo akacheka huku akifuta machozi kwa pembe ya shela yake.

Jumapili iliyofuata akafungua daftari kama kawaida. Alipofika pa Shoto alipitisha kidole juu ya mstari uliokatwa, akaendelea. Jina langu lilikuwa la mwisho.

"Nuur Haji Omar."

Niliweka kikombe chini.

"Nipo," nikajibu.

Hakuna kilichotokea. Dahabo akafunga daftari, akanyanyua chupa, akanimiminia chai.